Pipi au Visa

"Pipi au visa!" wanapiga mayowe barazani,
nami, Reino Kallio, mwenye magoti mawili ya chuma,
nafungua mlango nikiwa na boksi la vitabu.

Hapa Thunder Bay theluji haisomi kalenda.
Oktoba haijaisha, tayari imekalia vichwa vya maboga,
na malaika, jini, mchawi, wote
wamevalishwa makoti mazito juu ya mabawa,
humjui nani ni nani mpaka aseme.

Mwaka huu sikununua pipi.
Si ubahili (dada yangu Lempi atasema ni ubahili),
wala daktari wa meno hakunihonga.
Ni kwamba Aune alifariki mwezi wa Machi
na vitabu vyake vimebaki rafuni vikinitazama
kama wageni walioalikwa na mtu aliyetoka.
Nikasema: si wanataka visa?
Basi visa nitawapa.

Haramia wa kwanza alikipima chake mkononi.
"Kina nini ndani?"
"Treni."
"Zinagongana?"
"Ukurasa wa kumi na mbili."
Akakitumbukiza kwenye foronya, akaenda zake bila ahsante.
Dainosari mmoja alilia.
Mtoto wa kina Kozlowski akauliza kama kinalika.
Nikamwonyesha pembe ya jalada:
panya wa darini walishajaribu, wakaacha.

Saa tatu usiku nimezima taa,
boga linafuka moshi wa mwisho,
kengele inalia.
Nyuki.
Mabawa ya waya yamepinda, pua nyekundu.
Ni Bryony Pelletier wa nyumba ya tatu,
yule mwenye mbwa wa jicho moja.

"Kitabu chako kibovu," akasema.
"Ukurasa wa mwisho haupo."

Kile cha dubu aliyepotelewa na usingizi:
baridi imeingia, wenzake wanakoroma,
yeye anapita mlango hadi mlango,
kwa sungura, kwa bundi, kwa fuko asiyeona,
akiuliza nani ameuokota.

"Sasa, aliupata?"

Ukurasa ule ulichanika mwaka Marketta wetu alipoota meno.
Tangu hapo mwisho ukawa kazi ya Aune,
kila usiku mwisho mpya.
Mara usingizi ulikuwa chini ya ulimi wa dubu mwenyewe.
Mara aliuuza kwa asali, akasahau.
Na usiku mmoja, Aune akiwa amenikasirikia,
dubu hakulala kabisa:
alikwenda Winnipeg kuendesha lori.
Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo,
nasikia nusunusu,
nusu nyingine ikichukuliwa na maji ya bomba.
Miaka yote ile nilidhani nitamuuliza kesho.

"Sijui," nikamwambia nyuki.
"Anayejua ametoka."

Akafikiri. Akajifuta pua kwa bawa.
"Basi nipe pipi."

Sikuwa nayo hata moja.
Nilipapasa mifuko ya sweta kama mtu aliyeombwa tiketi:
kibiriti, kitambaa, orodha ya dukani
kwa mwandiko usio wangu.
Barabarani mama yake akapiga honi, mara moja, kwa upole.

Nikawasha tena taa ya baraza.
"Keti," nikasema, nikafagia theluji ngazini kwa mkono.
"Ikawa dubu amechoka. Akabisha mlango wa mwisho mtaani,
kwa mzee mmoja asiye na pipi..."

"Dubu hali pipi."

"Asiye na asali, basi."

"Haya," akasema nyuki,
akiivuta foronya miguuni pake,
"endelea."